Tupime kwanza, kiisha ndiyo tuseme nani mwenye kosa: habari ya pedali yetu ya gitare



Juma hili hatutasema juu ya uji wa watoto wala juu ya makuta ya masomo. Tutasema juu ya kitu kidogo cha chuma, kinachoenea katika kiganja cha mkono, ambacho kimebakiza kidogo kuvunja chama chetu. Ni pedali ya gitare. Msigeuze ukurasa na kusema kwamba hayo ni mambo ya vijana wa muziki. Mkisoma hadi mwisho mtaona kwamba ni mambo yetu kabisa.

Mnajua kwamba chama chetu kina sono: bafle mbili, ampli moja, mikro tatu, gitare moja ya umeme na pedali yake. Siku ya yenga kwaya ya wamama inaitumia kanisani. Siku ya posho tunaikodisha kwa watu wenye ndoa. Makuta yanayopatikana yanaingia katika sanduku letu, na kutoka sanduku hilo tunamsaidia mwanamemba aliyelazwa hospitalini, au mtoto aliyerudishwa nyumbani sababu ya deni la masomo. Kwa hiyo sono ikigonjwa, sanduku nalo linagonjwa.

Ugonjwa ulianza kwenye ndoa moja hapa Bukavu. Kijana anayetupigia gitare ni mtoto wa mwanamemba mwenzetu anayeuza sambaza katika soko la Kadutu. Bibi harusi alipokaribia mlango, kijana alikanyaga pedali ili sauti ya gitare inenepe. Taa ya pedali haikuwaka. Akakanyaga tena, ikawaka, kiisha ikazima palepale. Akakanyaga kwa nguvu mara tatu, mara nne, na watu wakaanza kucheka. Bibi harusi aliingia na sauti nyembamba kama ya redio yenye betri zilizochoka. Jioni mwenye ndoa alikata dola 10 kwenye bei tuliyopatana.

Juma lililofuata komite ilikaa. Sisi tunaoandika haya tulikuwa ndani ya komite hiyo, na tunasema ukweli: hatukuuliza pedali ina nini. Tuliuliza nani aliishika mwisho. Mmoja akasema kijana anaikanyaga kama anapiga mpira. Mwingine akasema labda aliifungua nyumbani na kutoa kipande cha kuuza. Hakuna aliyeona, lakini hakuna aliyekataa. Kwa nusu saa tu tukakata neno: mama wa kijana atalipa dola 40, yaani bei ya pedali nyingine iliyokwisha kutumika, na tutakuwa tunakata dola 10 kila mwezi kwenye likelemba yake.

Mwezi wa kwanza mama alilipa. Mwezi wa pili hakufika kwenye mkutano. Kijana naye aliegemeza gitare kwenye ukuta wa kanisa, akaondoka bila kusema neno.

Swali la binti mmoja

Aliyetuamsha ni binti wa mwanamemba mwingine, anayesoma mwaka wa nne wa elektronike katika masomo ya ufundi. Alikuwa amemsindikiza mama yake kwenye mkutano, akasikia tukihesabu deni. Akaomba ruhusa, akauliza kwa adabu: "Wamama, samahani. Ile butoni mulipima?"

Tulitazamana. Sisi ni walimu. Kila siku tunamwambia mwanafunzi kwamba jibu bila njia ya hesabu halina pointi. Na hapa tulikuwa tumetoa jibu la dola 40 bila mstari hata mmoja wa hesabu. Tukapatana kwamba siku ya posho, saa nane za mchana, tutakutana katika darasa letu na pedali, betri mpya, na multimetri, yaani kile chombo cha kupimia umeme, ambacho binti aliazima kwa mjomba wake fundi wa redio.

Pedali ni nini

Kabla ya kuingia kazini, tuelezane. Wazee wetu walipiga gitare isiyo na waya. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili, na ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alitumia vidole na mbao tu. Baadaye gitare ya umeme ilifika, na rumba yetu ikajengwa juu yake, ile rumba ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 katika urithi wa dunia usioshikika kwa mkono.

Gitare ya umeme inatuma sauti yake katika waya hadi kwenye ampli. Pedali inawekwa katikati ya njia hiyo, chini sakafuni. Ndani yake mna vipande vidogo vya elektronike vinavyobadilisha sauti: kuinenepesha, kuikwaruza, au kuipa mwangwi. Mpiga gitare ana mikono miwili tu, na yote miwili iko kazini, basi anatumia mguu. Mwaka 1962 huko Marekani ilitoka pedali iliyoitwa Maestro Fuzz-Tone, moja ya zile za kwanza kutumia transista, na tayari ilikuwa na butoni ya kukanyaga.

Ile butoni ya mguu ndiyo inayoamua sauti ipite wapi. Ukikanyaga mara moja, sauti inapita ndani ya vipande vya kuibadilisha. Ukikanyaga tena, inapita pembeni na kutoka vile ilivyoingia.

Sasa kuna aina mbili za butoni, na mtu asipojua ana aina gani atapoteza siku nzima.

Aina ya kwanza ni butoni nzito inayolia "tak" chini ya mguu. Inageuza nyaya yenyewe, kama reli inavyogeuzwa ili treni iende njia nyingine. Kwa chini mara nyingi ina miguu tisa, iliyopangwa mistari mitatu ya miguu mitatu.

Aina ya pili ni butoni laini, inayorudi yenyewe ukiondoa mguu, sawa na kengele ya mlango. Hiyo haigeuzi sauti. Inatuma habari tu kwa transista mbili ndani. Transista hizo ni kama wamama wawili wanaopokezana mtoto mmoja: mmoja akimbeba, mwingine anapumzika. Ukigusa butoni, wanabadilishana. Ukigusa tena, wanabadilishana tena. Hawambebi wote wawili, na hawamweki chini wote wawili. Namna hiyo ya kupokezana ni ya zamani. Waingereza wawili, Eccles na Jordan, waliibuni mwaka 1918, wakati transista zilikuwa bado hazijazaliwa, kwa kutumia taa za redio za zamani. Anayebeba mtoto ndiye anayewasha taa nyekundu na kufungulia sauti mlango.

Pedali yetu ni ya aina ya pili. Kumbe kulikuwa na watu wawili wa kuulizwa: anayepeleka habari, yaani butoni, na wanaopokea habari, yaani zile transista. Komite yetu ilikuwa imemuuliza mtu wa tatu, ambaye ni mtoto wa watu.

Hatua ya kwanza: kuandika dalili

Binti hakushika turnevisi. Alishika chaki. Akachora ubaoni mistari mitatu: tumekanyaga, taa imefanya nini, sauti imefanya nini. Tukakanyaga mara 20, polepole, na mmoja wetu akaandika.

Mara 20 hizo, taa iligeuka mara 7 tu. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hatukuwahi kuliona: kila mara taa ilipowaka, sauti ilinenepa, kila mara ilipozima, sauti ilirudi. Taa na sauti hazikuachana hata mara moja.

Hilo lilikuwa na maana kubwa. Kama taa ingebadilika na sauti isibadilike, ugonjwa ungekuwa mbele, kwenye mlango wa sauti. Kama sauti ingebadilika bila taa, huenda taa yenyewe ingekuwa imekufa, na hilo ni jambo dogo. Kwetu vyote viwili vilikuwa vinangoja pamoja amri isiyofika. Kwa hiyo tulitafuta nyuma: kwenye transista za kupokezana, au kwenye butoni.

Hatua ya pili: kuondoa wasiohusika

Kabla ya kufungua kitu, ondoa kinachoweza kukudanganya. Tulichomeka gitare moja kwa moja kwenye ampli bila pedali: sauti safi. Tukabadilisha nyaya mbili, moja baada ya nyingine, huku tukizitikisa: sauti safi. Tukapima betri ya mraba ya volti 9: mpya ilionyesha zaidi kidogo ya 9, ya zamani ilionyesha 6 na nusu. Tukaweka mpya.

Hapo tulifurahi mbio sana. "Ni betri!" Binti akatuambia tukanyage tena mara 20. Taa ikageuka mara 8. Basi betri ilikuwa imechoka kweli, lakini haikuwa mwenye kosa.

Hapa tuwaambie jambo litakalowaokolea makuta. Katika pedali nyingi, kuchomeka waya wa gitare ndiko kunakowasha pedali, hata kama taa nyekundu haiwaki. Mkimaliza kucheza na kuacha waya ndani, betri inaisha usiku kucha bila mtu kupiga hata noti moja. Kwa hiyo chomoa waya, kila mara.

Hatua ya tatu: kufungua na kutazama

Tulichomoa kila kitu, tukafungua skrubu nne za chini. Skrubu tuliziweka katika kifuniko cha chupa ili zisipotee. Tulitazama kwanza kwa macho, karibu na dirisha: je, kuna waya uliokatika? Je, kuna kipande kilichoondolewa? Je, kuna mahali palipolehemiwa penye ufa, kama duara ndogo kuzunguka mguu wa kipande?

Hakuna kilichoondolewa. Mashimo yote yalikuwa na vipande vyake, na lehemu yote ilikuwa ileile ya kiwandani, inayong'aa. Mmoja wetu aliyekuwa amesema juu ya "kipande cha kuuza" alikuwapo. Aliinamisha macho. Sisi wengine hatukumtazama, maana siku ile hatukuwa tumemkataza.

Lakini tuliona kitu kingine: vumbi la kijani kwenye vyuma, karibu na butoni. Hiyo ni kutu ya shaba. Inatoka kwa unyevu.

Hatua ya nne: jaribio la waya mmoja

Hii ndiyo hatua tunayotaka msiisahau. Butoni yetu ina nyaya mbili zinazokwenda kwa zile transista. Kazi yote ya butoni ni kugusanisha nyaya hizo mbili kwa kitambo kidogo. Basi ukitaka kujua kama mgonjwa ni butoni au ni transista, ifanyie butoni kazi yake. Chukua kipande cha waya, gusa ncha zote mbili za butoni kwa mara moja, uache. Kama pedali inageuka, transista ni wazima na butoni ndiyo mgonjwa. Kama haigeuki, butoni haina kosa, na utafute ndani zaidi.

Tulirudisha betri na nyaya, pedali ikiwa wazi mezani. Binti akagusa kwa waya. Taa ikawaka, sauti ikanenepa. Akagusa tena, ikazima. Tukahesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Mara 20, iligeuka mara 19, na ile moja ni kwa sababu mkono uliteleza.

Darasa lilikuwa kimya. Mara 7 kwa mguu, mara 19 kwa waya. Hatukuhitaji mwanasheria.

Hatua ya tano: kupima butoni yenyewe

Hata hivyo binti alisema ushahidi mmoja hautoshi. Tulitoa betri, kwa sababu kipimo hiki hakifanywi umeme ukiwa ndani. Tukaachisha waya mmoja wa butoni kwa chuma cha moto cha kulehemu, ile kazi ambayo mafundi wetu wanaita kusude, ili vipande vingine visichanganye kipimo. Multimetri ikawekwa kwenye omu, yaani kipimo cha ugumu wa njia ya umeme.

Butoni nzima, isipobonyezwa, haionyeshi njia yoyote. Ikibonyezwa, inaonyesha karibu 0, maana njia iko wazi kabisa. Ya kwetu, tulipoibonyeza mara ya kwanza, ilionyesha 300. Mara ya pili, zaidi ya 2,000. Mara ya tatu, hakuna kitu. Mara ya nne, 5. Ilikuwa kama mjumbe anayefikisha barua siku anayopenda.

Dawa yake

Ndani ya butoni ya namna hii mna bati jembamba lililobinuka kama kifuniko. Mguu ukiibonyeza, bati linashuka na kugusanisha vyuma viwili. Likichoka, au vyuma vikishika kutu, habari haifiki. Hakuna haja ya kununua pedali mpya. Vibutoni hivi vidogo vya miguu minne viko kwenye uso wa redio nyingi zilizokufa na mashine za kuchezea DVD. Mjomba fundi alitutolea viwili kwa franka 2,000.

Miguu minne isikutishe: imeunganika miwili miwili kwa ndani. Kabla ya kulehemu, pima ujue ni miguu gani inayogusana tu wakati unabonyeza. Ndiyo ya kutumia. Ukiiweka kwa upande mbaya, pedali itaona kama mtu ameikanyaga bila kuondoa mguu. Angalia pia urefu wa kile kishina cha kubonyeza: kikiwa kirefu sana, kifuniko kitakibana, kikiwa kifupi, mguu hautakifikia.

Binti alilehemu, sisi tukashika taa ya telefone. Kiisha tukakanyaga mara 50. Iligeuka mara 50.

Na kama matokeo yenu yatakuwa tofauti?

Sio kila pedali itaugua kama ya kwetu. Kama jaribio la waya haligeuzi kitu, pima volti kwenye zile transista mbili za kupokezana, kwenye mguu wa kutolea, ambao mafundi wanaita kolekta. Moja iwe chini karibu na 0, nyingine iwe juu, na zibadilishane kila unapogusa. Kama hazibadilishani, moja imekufa, au kondensateri ndogo iliyo kando yake imeharibika, au lehemu ina ufa. Kama zinabadilishana vizuri lakini sauti haibadiliki, fuata njia hadi kwenye transista zinazofungua mlango wa sauti.

Kama pedali inageuka mara mbili kwa kukanyaga mara moja, bati la ndani linadundadunda. Mara nyingi hiyo nayo ni butoni iliyochoka.

Kama yenu ni ile nzito ya miguu tisa, tumia multimetri kwenye mlio wa "biip". Kila mstari wa mitatu, mguu wa katikati ulie na mmoja wa pembeni. Kanyaga, sasa ulie na yule mwingine. Ukilia na wote wawili, au usilie na yeyote, butoni imekufa. Na fundi asiiunguze kwa chuma cha moto muda mrefu, maana plastiki ya ndani inayeyuka, na butoni mpya inakufa kabla ya kuanza kazi.

Kwa usalama: betri ya volti 9 haimdhuru mtu anayeigusa kwa mkono mkavu. Lakini ampli na kitu chochote kinachochomekwa ukutani msikifungue, hata kama mmekichomoa, kwa sababu ndani mnaweza kubaki umeme wa kuua. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesoma. Tena moshi wa kulehemu si mzuri, na lehemu nyingi ina risasi ndani: fungueni madirisha, watoto wachanga na wamama wenye mimba wakae mbali, na kila mtu anawe mikono kabla ya kula.

Unyevu ulitoka wapi?

Tungependa kumaliza hapa, lakini vumbi la kijani lilitaka jibu. Pedali inalala wapi? Katika chumba cha chama, chini kwenye sementi, kando ya ukuta unaovuja kila mvua. Na nani aliyeiweka pale? Sisi. Mmoja wetu akakumbuka kwamba wakati mvua zilipoanza, kijana alituomba tumshonee mfuko wa pedali na kupigilia ubao ukutani. Tulimjibu kwamba hakuna makuta.

Kwa hiyo yule tuliyemlipisha ndiye peke yake aliyeona hatari, na waliomlipisha ndio waliosababisha.

Kurudisha

Kesho yake, baada ya misa, tulikwenda watano nyumbani kwa mama yule. Alitupa viti, akabaki amesimama. Tulimweleza yote, tukamwonyesha karatasi yenye hesabu za ubaoni na butoni ya zamani, tukaomba radhi, tukaweka dola 10 mezani. Alizihesabu, akazifunga katika pembe ya kitenge. Kiisha akasema: "Makuta imerudi, asante. Lakini jina ya mutoto wangu, mutairudisha namna gani? Mulilitoa mbele ya watu makumi nne. Leo mumekuja watano, tena usiku."

Hatukuwa na jibu. Hasira yake ilikuwa ya haki.

Siku ya yenga iliyofuata, kabla ya kwaya kuanza, mama prezidenti alisimama mbele ya wote, akasema kosa lilikuwa la nani. Na kwa kuwa si kila aliyesikia uvumi alikuwapo kanisani, tumeandika habari hii katika gazeti letu, ili ifike kila mahali uvumi ulipofika. Kijana hakuiba kitu. Hakuvunja kitu. Butoni ilichoka, na sisi tuliilaza majini.

Kijana bado hajarudi kwenye kwaya. Mama yake amerudi kwenye likelemba, anakaa karibu na mlango. Tunamwachia muda. Ubao umepigiliwa ukutani, mfuko umeshonwa kwa kipande cha kitenge, na gitare inamngoja.

Tulivyopatana kama chama

Mambo manne tumeyaandika katika kitabu cha mikutano, na vikundi vingine vinaweza kuyachukua.

La kwanza: kitu cha chama kikiharibika, swali la kwanza ni "kina nini?", siyo "nani alikishika?"

La pili: hakuna mwanamemba atakayelipishwa kabla ya kitu kupimwa mbele ya mashahidi, na kipimo kuandikwa.

La tatu: tumenunua multimetri ndogo kwa makuta ya sanduku. Binti yule atatufundisha kuitumia, siku ya posho ya mwisho ya kila mwezi. Inapima betri za redio, nyaya za telefone na taa za sola, siyo pedali peke yake. Wasichana waliomaliza darasa la sita wanakaribishwa pamoja na mama zao.

La nne: tukimkosea mtu mbele ya watu, tunamwomba radhi mbele ya watu haohao, na mchana.

Wamama, nyumbani pia tuna butoni zetu. Sukari inapungua, tunamwita mtoto wa kazi. Makuta yanakosekana, tunamtazama mtoto wa kambo. Mtoto anashindwa masomo, tunasema ni mvivu, na hatujawahi kupima kama anaona ubao. Jaribio la waya ni kazi ya dakika mbili. Sisi tulichelewa kulifanya miezi miwili, na mwenzetu mmoja bado anakaa karibu na mlango.

Tukutane juma lijalo. Kila la heri kwenu na kwa nyumba zenu.